Maumivu ya kinena: si kila liitwalo ngiri ni ngiri

Mtu akianza kulalamika kwamba kinena kinamuuma anapokimbia, jibu huwa limeshapatikana kabla hajamaliza kueleza: "Hiyo ngiri." Neno hili limebebeshwa mizigo mingi. Kiuno kikiuma, ngiri. Tumbo likinguruma, ngiri. Korodani ikijaa maji, ngiri, ingawa hiyo ina jina lake, busha. Nguvu za kiume zikipungua, ngiri tena. Matokeo yake mchezaji aliyechanika msuli anakunywa dawa za mizizi mwezi mzima huku msuli ukizidi kudhoofika, na mwenye ngiri ya kweli anakandwa kwa mafuta ya moto, ambayo hayajawahi kuziba tundu lolote.

Madaktari nao hawana cha kujivunia sana hapa. Mapitio ya tafiti 72 kuhusu maumivu ya kinena kwa wanamichezo yalikuta majina 33 tofauti ya ugonjwa, mengine yakimaanisha kitu kilekile. Ndiyo maana Novemba 2014 wataalamu 24 kutoka nchi 14 walikutana Doha, Qatar, wakakubaliana kuyapanga maumivu haya kwa mahali yanapotoka: misuli ya kubana mapaja, msuli wa kunyanyua paja, eneo la njia ya kinena kwenye ukuta wa tumbo, mfupa wa kinena wenyewe, au kiungo cha nyonga. Likabaki fungu la "mengineyo", na humo ndimo yaliyomo yale ya kumkimbiza mtu hospitali. Mpango huo unamfaa hata asiye daktari, kwa sababu unaanza na maswali mawili anayoweza kuyajibu mwenyewe: panauma wapi hasa, na ni mwendo gani unaopaamsha?

Kwanza tujue tunazungumzia wapi

Kinena ni ule mkunjo unaotenganisha tumbo na paja, kulia na kushoto, pamoja na eneo la mfupa mgumu unaoshikika juu kidogo ya sehemu za siri. Nyonga ni kiungo kilichojificha nyuma ya mkunjo huo, ndani kabisa, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapozunguka ndani ya fupanyonga kama mchi ndani ya kinu. Wengi wakisema "nyonga inauma" huonyesha pembeni mwa kiuno au tako. Kiungo chenyewe kikiumwa, maumivu mara nyingi hujitokeza mbele, kinenani, na wakati mwingine huteremka hadi gotini.

Ule mfupa wa mbele uchukulie kama kigingi cha hema kinachovutwa na kamba kutoka pande mbili. Kutoka juu unavutwa na misuli ya tumbo. Kutoka chini na misuli ya kubana mapaja, ile inayopita upande wa ndani wa paja. Ukikimbia, ukigeuka ghafla au ukipiga mpira, kamba zote zinakaza kwa pamoja. Kamba moja ikiwa dhaifu au ikichoka, kigingi kinayumba na nyingine zinaelemewa. Kwa sababu hiyo si ajabu mtu mmoja kuumwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya madaktari wazalishe majina 33.

Msuli wa ndani ya paja, mshukiwa wa kwanza

Kwa wanaocheza soka, hapa ndipo maumivu mengi ya kinena yanapoanzia. Mchezaji ananyoosha mguu kuuwahi mpira uliokwisha kumpita. Paja linakwenda nje kwa kasi, na wakati huohuo msuli unajikaza ili kulirudisha ndani. Msuli unaovutika huku umekaza ndio unaochanika. Anahisi kitu kimekatika au kimechoma, karibu na pale kano ya msuli inaposhika kwenye mfupa, upana wa vidole viwili au vitatu chini ya mkunjo. Kesho yake kutoka kitandani au kwenye gari ni kazi, kwa sababu kutenganisha mapaja kunauma.

Kuna na ile inayokuja polepole, bila tukio lolote la kukumbukwa. Mazoezi yameongezwa haraka, siku tatu kwa wiki zimekuwa sita, na kano inaanza kulalamika. Mwanzoni inauma wakati wa kupasha mwili moto, kisha inatulia mchezo ukichangamka, halafu inarudi usiku au asubuhi ikiwa imekakamaa. Huku kutulia katikati ya mchezo ndiko kunakowadanganya watu. Wanaona "imefunguka" na kuendelea, hadi siku inapokataa kufunguka.

Kipimo chake ni rahisi. Lala chali, miguu imenyooka. Mwenzako aweke kigasha chake kati ya vifundo vya miguu yako, nawe ubane kwa nguvu zako zote kwa sekunde 5. Yape maumivu ya kinena alama kati ya 0 na 10. Kuanzia 0 hadi 2 unaweza kuendelea na mazoezi. 3 hadi 5 ni ishara ya kupunguza. 6 na kuendelea, acha na utafute mtaalamu. Ukipima kila wiki, siku ileile, utaona unakoelekea kabla mwili haujakulazimisha kusimama. Usipime baada ya kumeza dawa ya maumivu, maana utakuwa unaipima dawa.

Msuli wa kunyanyua paja, ambao unapita mbele kabisa ya nyonga, hujulikana kwa kuuma unapopandisha goti dhidi ya kizuizi, kupanda ngazi au kupiga mpira. Mfupa wa kinena wenyewe huuma ukiubonyeza katikati. Hali ya namna hii huwapata pia wajawazito, kwa sababu viungio vya fupanyonga hulegea, na kwao kugeuka kitandani au kusimama kwa mguu mmoja kuvaa nguo ndiko kunakotonesha.

Ngiri ya kweli ikoje

Chukua tairi la baiskeli lililochakaa sehemu moja. Mpira wa ndani ukijazwa upepo, unatuna kupitia pale palipochakaa. Ukitolewa upepo, unarudi. Ngiri ndiyo hiyo. Ukuta wa tumbo una sehemu dhaifu, na kilichomo ndani, mara nyingi mafuta au kipande cha utumbo, kinasukumwa nje kila shinikizo linapopanda: unapokohoa, unaponyanyua mzigo, unapojikamua chooni. Kwa wanaume sehemu hiyo dhaifu ni ile njia inayopitisha mishipa ya korodani. Korodani huumbwa tumboni, kisha hushuka kupitia hapo. Ndiyo sababu takriban mwanaume mmoja kati ya wanne hupata ngiri ya kinena wakati fulani maishani.

Kwa hiyo alama ya ngiri ni uvimbe. Simama, weka vidole kwenye mkunjo, kohoa kwa nguvu. Kitu laini kikigonga vidole na kutuna, kisha kikapotea ukilala, hiyo inaelekea kuwa ngiri. Maumivu yake kwa kawaida si makali. Watu hueleza uzito au kuvutwa, unaozidi kadiri siku inavyokwenda wamesimama. Pakiwa na maumivu makali ya kukimbia lakini uvimbe hauonekani hata kwa kukohoa, uwezekano wa msuli au nyonga ni mkubwa zaidi. Hata ile inayoitwa "ngiri ya wanamichezo" kwa kawaida haina tundu wala uvimbe. Ni ukuta wa tumbo ulioumia pale unaposhikana na mfupa. Jina hilo limepotosha wengi kuliko lilivyowasaidia.

Ngiri haiishi kwa dawa ya kunywa, ya kupaka wala ya kukanda. Hutengenezwa kwa upasuaji, na mara nyingi daktari huweka wavu mwembamba kuimarisha ukuta. Si lazima iwe kesho: mwanaume mwenye ngiri ndogo isiyomsumbua anaweza kukubaliana na daktari wake kuiangalia tu. Na haimwondolei mtu nguvu za kiume, ingawa usumbufu wake unaweza kumfanya asite.

Wanawake nao hupata ngiri, mara chache zaidi, na hapa uzembe una gharama kubwa. Aina moja inayowapata zaidi wao hutokea chini kidogo ya mkunjo, juu ya paja, ni ndogo kama tezi, na ina mlango mwembamba. Mlango mwembamba maana yake utumbo ukiingia unabanwa kwa urahisi. Uvimbe wa namna hiyo kwa mwanamke upelekwe hospitali mapema hata kama hauumi.

Usiuchanganye na mtoki, yaani tezi zinazovimba kinenani kwa sababu ya kidonda mguuni, jipu, au maambukizi ya zinaa. Mtoki ni mgumu kiasi, unashikika kama gololi, na hauingii ndani ukilala. Tiba yake ni kutafuta kidonda au maambukizi yaliyouleta. Kuukamua hakusaidii, kunaumiza tu.

Nyonga inayojifanya kinena

Muulize mtu aonyeshe anapoumwa. Mwenye msuli huonyesha kwa kidole kimoja. Mwenye tatizo la nyonga mara nyingi hukumbatia upande wa nyonga kwa kiganja kizima, kidole gumba kikiwa nyuma na vingine vimekunjamana mbele, kwa sababu maumivu yapo ndani na hayana anwani. Hulalamika akikaa chini kwa muda mrefu, akichuchumaa, akivaa soksi. Ukimlaza chali, ukakunja goti lake kuelekea kifuani na kulizungusha ndani, anakunja uso. Kwa kijana sababu inaweza kuwa umbo la mfupa unaogonga ukingo wa kinu chake. Kwa mtu mzima, kulika kwa gegedu, yaani utando mlaini unaofunika ncha za mifupa kiungoni. Mwenye selimundu akipata maumivu ya namna hii asiyahesabu kuwa ya mazoezi: damu inaweza kuwa haifiki kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa ukaanza kufa na kubonyea.

Lakini kwa wakimbiaji kuna jambo moja la nyonga ambalo halipaswi kusubiri, nalo ni ufa wa uchovu kwenye shingo ya mfupa wa paja. Kunja waya mara moja, haukatiki. Kunja mara mia pale pale, unakatika bila kutumia nguvu. Mfupa unaopigishwa kilomita nyingi bila kupewa siku za kujijenga hufanya vivyo hivyo, hasa kwa anayeanza mazoezi makali ghafla, kama kuruta wa jeshi, au mwanamke anayekimbia sana huku anakula kidogo na hedhi imekatika. Maumivu huja kila akikimbia, kila siku mapema zaidi, kisha hata akitembea, kisha usiku akiwa amelala. Akiruka kwa mguu huo mmoja panachoma, ingawa ukishaushuku ufa usimrukishe ili kuhakikisha. Eksirei ya wiki za mwanzo inaweza kuonyesha mfupa mzima kabisa. MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ndiyo inayouona ufa mapema. Akiendelea kukimbia, shingo ya mfupa inaweza kukatika kabisa, na hapo mazungumzo yanahamia kwenye vyuma na upasuaji. Ukishuku, acha kukanyagia mguu huo, tumia magongo, nenda hospitali.

Mtoto anayechechemea ni habari nyingine. Kati ya miaka 10 na 16 kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kutoka mahali pake, zaidi kwa wenye uzito mkubwa. Mtoto husema goti linauma. Goti linapigwa eksirei, halina kitu, anarudishwa nyumbani, na mfupa unaendelea kuteleza. Mtoto anayelalamikia goti au paja bila kujigonga popote achunguzwe nyonga pia.

Ya kwenda hospitali sasa hivi

Korodani huning'inia kwa kamba inayoipelekea damu. Kamba hiyo ikijisokota, korodani inakosa damu. Huwapata zaidi wavulana wa miaka 12 hadi 18, wakati mwingine baada ya mchezo, wakati mwingine usingizini. Maumivu ni ya ghafla, ya upande mmoja, mara nyingi na kutapika, na korodani inaweza kuonekana imepanda juu. Nafasi ya kuiokoa ni nzuri ndani ya saa 6 za mwanzo, kisha inaporomoka haraka. Adui mkubwa hapa ni haya: kijana anasema "tumbo" au "kinena" kwa sababu hataki kutaja korodani, naye mzazi anampa dawa ya tumbo alale. Kijana akilalamika maumivu makali ya ghafla ya tumbo la chini, muulize waziwazi.

Ngiri iliyokuwa ikirudi ndani ikagoma kurudi, ikawa ngumu, inauma, na ngozi yake ikabadilika rangi, pamoja na kutapika au kushindwa kutoa haja wala hewa, hiyo imebanwa. Utumbo uliobanwa unakosa damu. Usijaribu kuusukuma kwa nguvu, na usile wala kunywa kitu njiani, kwa sababu huenda ukapelekwa moja kwa moja chumba cha upasuaji.

Mwanamke aliyekosa hedhi akapata maumivu makali ya upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu au maumivu ya bega, anaweza kuwa na mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Homa pamoja na nyonga isiyoweza kusogezwa, hasa kwa mtoto, huenda ni usaha kwenye kiungo. Maumivu ya mawimbi yanayotoka mbavuni nyuma na kushuka hadi kinenani, yenye damu kwenye mkojo, yanaelekea kuwa ya jiwe la figo. Na yanayoanzia kitovuni yakahamia kulia chini, huku mtu hataki chakula, yafikiriwe kuwa kidole tumbo.

Ukishajua ni msuli

Saa 48 hadi 72 za mwanzo ni za kuuachia msuli utulie: tembea kadiri usivyochechemea, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10 hadi 20 mara chache kwa siku, na usikande, usinyooshe kwa nguvu, usipake vitu vya moto. Ndani pana damu inayotafuta kuganda. Mkono wa mkandaji unaizuia. Msuli ukitoa sauti ya kukatika, ukavilia damu paja zima na nguvu ya kubana ikapotea, huenda kano imeng'oka; huyo aonwe na daktari mapema.

Kosa kubwa linafuata baadaye. Watu wanapumzika wiki tatu, maumivu yanaisha, wanarudi uwanjani, na wiki ya pili wameumia palepale. Kupumzika kunaondoa maumivu tu; udhaifu unabaki, na udhaifu ndio uliowaumiza. Utafiti uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 1999 uliwachukua wanamichezo 68 wenye maumivu sugu ya misuli hii. Waliopewa mazoezi ya nguvu, 23 kati ya 29 waliomaliza walirudi kwenye michezo bila maumivu. Waliopewa kukandwa, kunyooshwa na tiba za mashine, walikuwa 4 kati ya 30.

Mazoezi yenyewe hayahitaji vifaa vya ajabu. Anza kwa kubana mpira kati ya magoti ukiwa umelala chali, kisha kati ya nyayo miguu ikiwa imenyooka. Sekunde 30, mara 10, ukianza na sekunde chache kama jeraha ni bichi. Baada ya hapo lala ubavu na unyanyue mguu wa chini, 10 hadi 15, mizunguko mitatu. Mwisho kabisa njoo kwenye lile zito: lala ubavu ukiegemea kiwiko, mwenzako ashike mguu wako wa juu usawa wa kiuno chake, akianzia gotini, na wiki za baadaye kifundoni. Nyanyua mwili mpaka uwe mstari mmoja, ukipandisha mguu wa chini ukutane na wa juu. Siku mbili za kwanza mapaja yatauma. Hayo ni maumivu ya misuli kuzoea. Zoezi hili, likifanywa kwa mpangilio na wachezaji wa soka wanaume nchini Norway, lilipunguza matatizo ya kinena kwa asilimia 41.

Kanuni ya kuongeza: maumivu ya kinena wakati wa zoezi yasipite 2 kati ya 10, na asubuhi yake yasiwe zaidi ya jana. Mbio za mstari mnyoofu huja kwanza, halafu za kupinda, halafu kasi, halafu kugeuka ghafla. Kupiga mpira wa mbali kwa nguvu kuwe kwa mwisho. Jeraha dogo huchukua wiki moja hadi tatu, la kati hufika nane, na la muda mrefu huhitaji miezi mitatu au zaidi ya kazi ya kweli. Sindano ya kuua maumivu ili mtu acheze fainali ni kuzima kengele nyumba ikiwaka.

Chumbani kwa daktari

Maumivu yanayorudi baada ya wiki mbili za kupunguza mazoezi, yanayoamsha usiku, au yenye uvimbe wowote, yapeleke. Andika kabla: yalianza lini, ulikuwa unafanya nini, mazoezi uliyaongeza kiasi gani, ni mwendo gani unaotonesha, dawa ulizomeza pamoja na za mizizi. Vaa nguo rahisi kuvua. Utaangaliwa nyonga, paja, tumbo, na mwanaume ataangaliwa korodani pia. Ni haki yako kuomba mtu wa jinsia yako awepo chumbani. Mkojo unaweza kupimwa, na mwanamke kupimwa mimba kabla ya eksirei. Ngiri mara nyingi hugunduliwa kwa mkono na kikohozi. Altrasaundi hutumika ikiwa kuna shaka.

Picha nazo zisomwe kwa tahadhari. MRI ya mchezaji asiyeumwa popote inaweza kuonyesha mfupa uliovimba au ukingo wa nyonga uliochanika. Ukipewa majibu yaliyojaa maneno ya kutisha, muulize daktari swali moja: hiki mlichokiona, kinalingana na pale kidole changu kinapogusa?